Babu wa mama yangu alikuwa muuguzi wa jeshi, akafia Burma: nitamkumbukaje?

Swali: "Mimi ni muuguzi hapa Bukavu, ninaishi Kadutu. Babu wa mama yangu alikuwa infirmie wa Force Publique, lile jeshi la koloni la Wabelgiji. Wazee wanasema alipelekwa Birmani wakati wa vita vya Hitler na hakurudi. Hatuna kaburi wala picha. Tuna jina lake, na medali moja iliyo kwa mjomba. Tarehe 12 Mei, siku ya wauguzi, nataka jina lake litajwe hospitalini kwetu. Wenzangu wawili wamenikatisha tamaa. Mmoja anasema Wakongo hawakufika Birmani, ni hadithi za wazee. Mwingine anasema mtu aliyekufa akimtumikia mkoloni hana cha kukumbukwa. Nifanyeje?"

Jibu:

Mama, nianze na mwenzako wa kwanza, maana jibu lake ni fupi. Wakongo walifika Burma, hiyo Birmani ya wazee wako, Myanmar ya leo. Tena hawakuwa watu wawili watatu waliochanganyika na jeshi la wengine. Ilikwenda hospitali nzima ya vita, na watu wake, mahema yake na masanduku yake ya vyombo. Katika hesabu ya Waingereza ilikuwa hospitali namba 10 ya kupokea majeruhi, ya Kongo ya Kibelgiji, yenye Wakongo wapatao 350 na Wazungu wapatao 20. Ilifanya kazi chini ya idara ya matibabu ya jeshi la Uingereza huko Somalia, kisha Madagaska, halafu Burma mwaka 1944 na 1945, hasa upande wa juu wa mto Chindwin, ikihudumia Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipokuja Kinshasa, alimvika nishani koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, ambaye naye alipelekwa Burma. Jambo hilo lilifanyika mbele ya kamera. Mwenzako akitaka ushahidi, aanzie hapo.

Lakini simlaumu sana. Vita vya Abisinia, yaani Ethiopia, vimetuachia majina ambayo tunayataja kila siku, vita vya Burma havikutuachia. Kambi Saio ya hapa Bukavu imechukua jina la mji wa Ethiopia, leo unaitwa Dembidolo, ambako Julai 1941 Waitaliano wa Jenerali Gazzera walijisalimisha kwa Force Publique ya Jenerali Gilliaert. Kinshasa kuna avenyu Saio, kuna Gambela, kuna Asosa, na yote ni majina kutoka vita hivyo. Walioteka miji walipewa mabarabara. Hospitali haiteki mji. Inapokea watu upande huu na kuwatoa upande ule, na vita vikiisha inafungasha mahema. Ndiyo maana mtu anaweza kupita mbele ya Kambi Saio miaka hamsini na asisikie hata siku moja kwamba wauguzi wa Kongo walivuka bahari kwenda Asia.

Wewe ni muuguzi, kwa hiyo kazi yenyewe utaielewa kuliko mimi mtu wa vitabu. Askari akipigwa risasi, wabeba machela walimtoa hadi kwenye kituo cha kikosi chake, akafungwa bendeji na kudungwa mofini. Kutoka hapo alisafirishwa kwa gari, au mabegani mwa watu pale gari liliposhindwa, hadi kwenye hospitali ya kupokea majeruhi. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kwanza penye meza ya upasuaji na kitanda cha kulala. Mlangoni walichambuliwa: huyu apasuliwe sasa hivi, huyu anaweza kungoja, huyu apewe maji na asiachwe peke yake. Aliyepata nguvu ya kusafiri alipelekwa nyuma, India, kwenye hospitali kubwa. Madaktari wa hospitali hiyo walikuwa Wazungu. Kuchemsha vyombo, kubadilisha bendeji, kugeuza mgonjwa, kumlisha, kumwosha, kukesha naye, kubeba machela kwenye matope: hiyo ilikuwa kazi ya Wakongo. Wote walikuwa wanaume, kwa kuwa shule za koloni ziliwafundisha uuguzi wavulana, na wasichana wachache walioingia shule hizo walielekezwa kwenye ukunga.

Mahali penyewe ni bonde la Kabaw, mpakani mwa India na Burma. Divisheni ya 11 ililishuka bonde hilo kutoka Tamu hadi Kalewa tangu Agosti hadi mwanzo wa Desemba 1944, yaani katikati ya masika ya huko. Askari waliliita Bonde la Mauti, na risasi ilikuwa sababu ndogo ya jina hilo. Jenerali William Slim, aliyeongoza Jeshi la 14, aliandika kwamba mwaka 1943 kwa kila askari mmoja aliyelazwa kwa jeraha, 120 walitolewa mstari wa mbele kwa ugonjwa. Rudia kuisoma namba hiyo. Malaria, kuhara damu, na homa moja mbaya inayoletwa na viluwiluwi vya utitiri wa majanini, jamii ya taifasi.

Kwa malaria kulikuwa na vidonge vya mepakrini, kila siku, mbele ya macho ya ofisa, na ngozi ikageuka njano. Askari walinong'ona kwamba vinaua nguvu za kiume, na Slim aliwaondoa makamanda kadhaa ambao watu wao walikutwa hawavimezi. Ile homa ya utitiri haikuwa na kidonge. Mgonjwa anafika na doa jeusi mwilini, kwapani au kwenye kinena, kana kwamba mtu amezima sigara pale. Halafu homa kali wiki mbili, kichwa, maweweseko, mapafu, moyo. Kloramfenikoli, dawa ya kwanza iliyoishinda, ilijaribiwa mwaka 1948, vita vimekwisha. Mwaka 1944 kilichomtenganisha mgonjwa huyo na kaburi kilikuwa uuguzi mtupu: maji kijiko kwa kijiko, kitambaa chenye maji kupoza mwili, kumzuia asiamke akakimbia kwa maweweseko, kumgeuza ili asipate vidonda vya mgongo. Nakuandikia haya kwa kirefu kwa sababu siku ile ya Mei utasimama mbele ya wauguzi. Ukiwaambia "alikuwa shujaa wa vita" watapiga makofi na kusahau. Ukiwaambia alikesha na wagonjwa ambao hawakuwa na dawa nyingine ila yeye, wataelewa ulichosema.

Kuna jambo lingine ambalo wanahistoria wa jeshi hulipita haraka. Divisheni ya 11 ilikuwa ya watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na katika batalioni nyingi za King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Mashariki, lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Amri za Force Publique zilitolewa kwa Lingala, lakini kijana aliyetoka Kivu, Maniema au Katanga alikuwa na Kiswahili chake. Kwa hiyo askari wa Tabora aliyelala kwenye hema lile, maelfu ya kilomita kutoka kwao, angeweza kusema kichwa kinamuuma na muuguzi akamwelewa bila mkalimani. Kama babu yako alikuwa mtu wa upande huu, hilo ni jambo alilokuwa nalo ambalo daktari wake hakuwa nalo.

Na kuna tukio moja la mapigano. Katika vurugu za msituni adui alisogea karibu, askari wa miguu hawakuwapo wa kutosha, na mkuu wa hospitali akawaamuru wabeba machela wake Wakongo washike bunduki na kupigana. Tukio hilo ndilo linalotajwa zaidi katika maelezo machache yaliyopo juu ya hospitali hiyo, na ninavyoona mimi ni kwa sababu lina bunduki ndani yake. Litaje, lakini usilipe nafasi kubwa kuliko zile homa.

Sasa jinsi alivyokufa. Familia nyingi hupenda kifo chenye mlio. Jiandae kukuta neno moja kwenye karatasi: ugonjwa. Muuguzi wa vita anaishi na kuhara na homa za watu wengine, na mwili wake nao ni mwili. Kama alitolewa Burma akiwa mgonjwa, anaweza kuwa amefia India, kwa hiyo usifunge utafutaji kwenye ramani ya Burma peke yake.

Vilevile usimpandishe kwenye meli ambayo hukuona jina lake. Nalisema hili mapema kwa sababu ukianza kusoma utaikuta Khedive Ismail, na moyo utakuvuta. Meli hiyo ilitoka Mombasa kwenda Colombo katika msafara mmoja Februari 1944, imebeba watu 1,511: karibu theluthi mbili ya hao walikuwa wapiga mizinga wa kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki na maofisa wao, na pamoja nao wauguzi wanawake zaidi ya hamsini wa jeshi la Uingereza. Tarehe 12 mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, wengi walikuwa ukumbini chini wakisikiliza muziki. Nyambizi ya Japani I-27 ikaipiga torpedo mbili. Meli ilizama chini ya dakika mbili. Walikufa watu 1,297, wanawake 77 kati yao, na hakuna siku nyingine ambayo nchi za Jumuiya ya Madola zilipoteza wanawake wengi hivyo wa jeshini kwa mpigo. Ni habari ya kweli na ni kubwa, na wauguzi wale wanastahili kutajwa tarehe 12 Mei kama yeyote. Ila wafu wake ni hao, na babu yako awe na habari yake, hata kama ni fupi.

Tuje kwenye kumtafuta. Anza nyumbani, tena anza na medali. Ubelgiji ilitoa medali ya Kiafrika ya vita vya 1940 hadi 1945 kwa waliotumika Force Publique, na kwenye utepe wake huweza kuwapo kipande chembamba cha chuma chenye jina la mahali alikopigana mtu. Nenda kwa mjomba, iweke mchana penye mwanga, piga picha mbele, nyuma, na utepe peke yake. Ukiona neno Birmanie, umepata zaidi ya nusu ya jibu. Ukiona Abyssinie peke yake, rudi kwa wazee uwaulize tena kwa upole, maana inawezekana habari za watu wawili wa ukoo zimeungana zikawa za mmoja. Hutokea sana, na siyo uongo. Uliza pia medali ilifikaje nyumbani. Kama ililetwa baada ya kifo chake, kuna ofisi iliyojua jina la mrithi na kijiji chake, na ofisi za koloni hazikutoa kitu bila kuandika.

Kitu unachokitafuta kuliko vyote ni namba yake ya matrikule, yaani namba aliyosajiliwa nayo jeshini. Jina la askari liliandikwa na karani kwa sikio lake mwenyewe. Jina la Kishi linaloanza na Ci utalikuta limeandikwa Tshi au Chi, r na l zinabadilishana, jina la ubatizo linawekwa mbele au linaachwa kabisa. Namba haibadiliki. Ilikuwa kwenye kitabu chake cha askari, kwenye karatasi za mshahara, wakati mwingine nyuma ya barua. Waulize shangazi na bibi walioolewa mbali, kwa sababu karatasi za familia hufuata wanawake. Anayesema hana kitu, mwombe akuonyeshe alipoweka vyeti vya ubatizo vya watoto wake.

Halafu nenda parokiani kwao. Mapadri Weupe, wale wamisionari Wakatoliki, waliandika vitabu vya ubatizo na ndoa kwa makini. Humo utapata jina kamili, jina la baba na mama, kijiji na mwaka, na pengine maneno machache pembeni kwamba mtu amefariki. Kama mjane wake aliolewa tena kanisani, padri alipaswa kuwa na hakika kwamba mume wa kwanza amekufa, na hakika hiyo huenda imeandikwa. Ninaijali njia hii kuliko watu wengi wanavyoijali, kwa sababu haihitaji visa wala Kifaransa cha ofisini. Vaa vizuri, mletee paroko barua fupi, na usiende Jumapili. Kama wazee wanasema alijifunzia kazi katika hospitali fulani ya misheni, kwa mfano Katana, uliza na huko kama kuna daftari za zamani za wanafunzi na wafanyakazi.

Ukiwa na jina, kijiji na ikiwezekana namba, ndipo uandike Bruxelles. Karatasi za serikali ya koloni zilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje na zimekuwa zikihamishiwa kwenye Kumbukumbu za Taifa za Ubelgiji. Mambo ya Force Publique yamo humo. Makumbusho ya Kifalme ya Jeshi, pale Cinquantenaire, nayo ina nyaraka na picha za kijeshi. Andika kwa Kifaransa, ukurasa mmoja, swali moja. Tumia majina ya wakati ule: Bukavu ni Costermansville, Kalemie ni Albertville, Lubumbashi ni Elisabethville. Usiombe "habari zote za babu yangu", kwa sababu barua ya namna hiyo hujibiwa kwa shukrani na kimya. Omba orodha ya watu wa hospitali ile namba 10, na orodha ya waliokufa. Ofisa Mzungu unaweza kumkuta kwenye faili lenye jina lake, lakini askari Mwafrika mara nyingi utamkuta kama mstari mmoja ndani ya orodha ya kikosi.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure kwenye intaneti, na dakika kumi zitatosha kuitazama. Lakini elewa unachokitazama. Kongo haikuwa koloni la Uingereza, kwa hiyo kutomwona babu yako humo hakuthibitishi kwamba hakuwapo. Hata kwa Waafrika wa upande wa Waingereza hesabu hiyo ina mashimo. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya maaskari pale Nairobi inawasifu wapagazi kwa Kiswahili kizuri, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na haina jina la mpagazi hata mmoja. Hayo ndiyo mazoea ya enzi babu yako aliyoishi: Mzungu aliandikiwa jiwe, Mwafrika akaandikiwa sentensi ya pamoja. Usijilaumu wewe wala wazee wako kwa kukosa kaburi.

Nimfikie sasa mwenzako wa pili, ambaye namheshimu zaidi kuliko wa kwanza. Ana sehemu kubwa ya ukweli. Force Publique ilikuwa jeshi la kiboko. Machifu waliagizwa watoe vijana, na wengi waliotolewa hawakuulizwa. Tarehe 9 Desemba 1941, Elisabethville, askari wa jeshi hilohilo waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliogoma kudai nyongeza ya mshahara, wakaua makumi ya watu. Februari 1944, mwezi uleule Khedive Ismail ilipozama, askari wa Luluabourg, Kananga ya leo, waliasi. Mtu akitaka kusimulia vita vya Kongo kwa kuimba tu nishani na ushindi, mimi na mwenzako tutatoka ukumbini pamoja.

Ila hitimisho lake silikubali. Ukimfuta muuguzi kwa sababu ya bendera iliyopepea juu ya hema lake, utakuwa umempa mkoloni hata kazi ya mikono yake. Waliolala kwenye machela zile walikuwa watu wa Nyanza, wa Songea, wa Acholi, na wengi wao nao hawakuulizwa. Aliyewaosha na kuwapa maji hakuwa Mfalme wa Ubelgiji. Kwa hiyo usiseme tarehe 12 Mei kwamba alikufa kwa ajili ya Ubelgiji, wala kwamba alikufa kwa ajili ya uhuru wa dunia, maana hakuna aliyemsikia akisema hivyo. Usitundike bendera. Sema kwamba jeshi la koloni lilimpeleka, na kwamba huko alikopelekwa aliuguza. Sentensi hizo mbili zinaweza kukaa pamoja na mwenzako akazisikiliza mpaka mwisho.

Kuhusu namna ya kumkumbuka, mfano ninaoupenda unatoka mbali, New Zealand. Oktoba 1915 meli Marquette iliyokuwa inatoka Misri kwenda Salonika ilipigwa torpedo kwenye bahari ya Aegean. Wauguzi wa New Zealand 36 walikuwa ndani, 10 wakafa. Walikuwa wamepakiwa kwenye meli iliyobeba askari na silaha badala ya meli ya hospitali yenye alama ya msalaba, na jambo hilo liliwaudhi sana watu wa kwao. Watatu kati ya waliokufa walikuwa wa mji wa Christchurch. Kwa hiyo ukumbusho wao haukuwekwa penye ofisi za serikali. Mwaka 1927 kilifunguliwa kikanisa ndani ya uwanja wa hospitali ya Christchurch, wauguzi wanaotoka zamu wapite hapo. Naona walifikiri vizuri kuliko wengi. Marehemu aliwekwa kati ya wenzake wa kazi.

Huhitaji kikanisa. Hospitali yenu ina ukuta, na pengine ina chumba cha wauguzi chenye ubao wa zamu. Omba ruhusa ya karatasi moja yenye fremu, ukubwa wa cheti. Juu, jina lake kama familia inavyolitamka, na chini yake kama karani alivyoliandika, ukilipata. Kijiji. Kazi: muuguzi. Kikosi: hospitali namba 10 ya kupokea majeruhi, Kongo ya Kibelgiji. Mahali na mwaka wa kifo, kama umethibitisha. Kama hujathibitisha, andika "hakurudi kutoka Burma", ambalo ndilo familia inalolijua. Usijaze pengo kwa tarehe ya kubuni ili karatasi ionekane kamili. Nimeona mabango ya namna hiyo, na mwaka wa pili hakuna anayeweza kusema tarehe ilitoka wapi.

Siku yenyewe, dakika tatu zinatosha. Hotuba za tarehe 12 Mei huwa ndefu na watu wana zamu. Wengi watamtaja Florence Nightingale, ambaye siku hiyo ni ya kuzaliwa kwake, na ni haki yake. Wewe unaweza kusema hivi, ukibadilisha upendavyo: "Mwaka 1944 hospitali ya Wakongo 350 ilikuwa Burma. Iliuguza askari wa Afrika Mashariki waliokuwa na homa isiyo na dawa. Babu wa mama yangu alikuwa mmoja wa wauguzi hao. Jeshi halikumuuliza kama anataka kwenda. Hakurudi. Jina lake ni hili." Kisha ulitaje, mara moja, kwa sauti ya kawaida, ukae. Wazee wa familia wakitaka misa au matanga yafanyike kijijini, hiyo iwe siku nyingine na ipangwe na wao. Usiwaletee wazee programu iliyokwisha kuchapwa.

Ningependa pia uulize, siku hiyohiyo, kama kuna mwingine ukumbini ambaye nyumbani kwao kuna habari kama hiyo. Watu 350 walikuwa na familia, na wengine wao wako Goma, Kindu, Kisangani, Lubumbashi, wanadhani ni hadithi za wazee. Majina matatu yenye namba za matrikule, yakiandikwa kwenye barua moja, yatajibiwa Bruxelles haraka kuliko barua tatu za watu watatu.

Mwisho, jambo la tahadhari. Habari ikienea kwamba mna medali, atakuja mtu atakayesema anawasaidia kudai fidia Ulaya na kuomba aichukue "kwa uchunguzi". Medali za vita zina soko. Mpe picha tu. Kitabu cha askari kikipatikana, kipigwe picha kurasa zote, pamoja na zile zilizo tupu, na kibaki kwa mjomba ndani ya bahasha kavu, mbali na jikoni. Ukishaipata namba, niandikie tena, tutaiandika pamoja ile barua ya Kifaransa.